Vijana watano, wanne wakitoka kifungoni, Kisauni: tuwatafutie kazi vipi wasirudi maskani, yaani vijiweni?

MwanaKisauni

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Kamati yetu ya mtaa hapa Kisauni, Mombasa, imeombwa iwapokee vijana watano. Watatu wako Borstal (taasisi ya magereza ya kurekebisha vijana) ya Shimo la Tewa na wanatoka kwa nyakati tofauti mwaka huu. Wa nne anamaliza miezi minne ya kituo cha kurekebisha vijana pale Kamiti. Wa tano hakufungwa, mahakama ilimweka chini ya probesheni (uangalizi wa afisa badala ya kifungo). Umri wao ni kati ya miaka 17 na 20. Wale wa Borstal, mmoja amesomea useremala, mmoja ushonaji, mmoja kuchomelea. Wawili waliobaki hawana ufundi wowote wa maana.

Tumechangishana shilingi 60,000. Wazo lililopendwa kikaoni ni kununua pikipiki wapokezane. Mimi roho yangu inakataa lakini sina hoja ya kuwashinda wenzangu.

Maswali: tuanzie wapi? Mwenye karakana aambiwe kijana ametoka wapi, au tunyamaze? Na cheti cha polisi cha tabia njema kitawafungia milango au la? Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi hii. Mawaidha tumeshayapata ya kutosha msikitini na kanisani.

---

Probesheni_Mstaafu

Mzee, salamu. Kabla ya kazi kuna makaratasi, na makaratasi huanza kijana akiwa bado ndani, miezi mitatu kabla ya siku ya kutoka. Akishafika nyumbani mfukoni hana nauli ya kwenda ofisi ya usajili, na kila wiki inayopita bila kitambulisho ni wiki ya kukaa kibarazani.

Kosa linalowaponza wengi ni jina. Siku ya kukamatwa kijana alitaja jina la mtaani, au alipunguza umri, au karani wa kituo aliandika alivyosikia. Jina hilo likaingia kwenye hati ya mashtaka, likaenda mahakamani, likamfuata Borstal, na anapoandikishwa mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) linachapwa kwenye cheti. Kisha anakwenda kuchukua kitambulisho kwa cheti cha kuzaliwa chenye jina jingine. Sasa ana cheti cha ufundi cha mtu asiyejulikana. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa: chukueni nakala ya cheti cha kuzaliwa, mpelekee afisa wa ustawi pale Borstal, mlinganishe herufi kwa herufi na jina lililo kwenye faili KABLA ya kuandikishwa mtihani. Mohamed na Muhammad kwa kompyuta ni watu wawili. Kama cheti kimeshatoka na jina baya, kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinaweza kumridhisha fundi wa mtaani, lakini kampuni yenye ofisi ya waajiriwa itamsumbua.

Asiye na cheti cha kuzaliwa ataombewa usajili wa kuchelewa. Tafuteni ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, rekodi ya shule ya msingi. Kwa aliyefika miaka 18, kitambulisho cha kwanza kinataka cheti hicho, nakala za vitambulisho vya wazazi, na chifu wa kwao athibitishe kwamba familia anaijua. Hapo ndipo kamati yenu ina nguvu kuliko afisa yeyote. Mzee wa mtaa na mama mzazi wakienda pamoja kwa chifu, jambo la mwezi huisha asubuhi moja. Mzazi akiwa amefariki, bebeni cheti cha kifo na kitambulisho cha mlezi.

Kitambulisho kikipatikana, fuateni mpangilio huu: laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), usajili wa SHA (bima ya afya). Msikubali mshahara wake upite kwenye simu ya kaka yake. Nyumba nyingi zimevunjikia hapo.

La pili ni masharti. Kijana wa Borstal akitoka kabla ya muda wake kuisha hutoka kwa leseni, chini ya uangalizi. Akienda Malindi kwa kibarua cha wiki mbili bila kumwambia afisa wake, kwa faili ametoroka, na anaweza kurudishwa. Mwenyewe hajui, anadhani ametenda jema kwa kutafuta riziki. Mwambieni: kazi yoyote nje ya eneo, ruhusa kwanza. Na siku ya kuripoti mjadiliane na afisa mapema. Kibarua wa mjengo anahesabiwa saa moja asubuhi. Akiripoti probesheni saa tatu Jumanne, Jumanne hiyo hana pesa, na mwenye kazi akimkosa Jumanne mbili anachukua mwingine. Ombeni Ijumaa alasiri, au siku ambayo karakana hufungwa. Maafisa wengi watakubali wakiombwa kwa heshima na kwa maandishi.

Yule wa Kamiti msimuite fundi. Miezi minne inamfunza mtu kuamka mapema na kushika jembe, haimpi ufundi. Akipelekwa kwa jina la fundi atarudishwa saa nne asubuhi, na aibu hiyo ni mbaya kuliko kukosa kazi. Aanze kama msaidizi, au aandikishwe chuo cha ufundi cha kaunti muhula ukifunguliwa.

Wa probesheni ndiye rahisi zaidi na ndiye anayesahaulika zaidi. Idara huwa na msaada mdogo wa karo na vifaa kwa walio chini yake. Ombeni kwa barua mapema, taja kozi, muda na gharama. Ombi la "msaada wowote" hukaa kwenye trei.

---

FundiVyuma_Changamwe

Nitajibu la mwenye karakana, hayo mengine wenye ofisi wameshasema.

Msije watu sita mmevaa makoti na barua yenye mihuri. Mwenye karakana akiona ujumbe wa kamati anaona kesi inakuja. Aje mtu mmoja, amuombe kijana ajaribiwe siku mbili, bila malipo yoyote isipokuwa chakula cha mchana. Siku mbili zinatosha.

Huyo wa kuchomelea nawaambia atakapoanguka. Wengi wamejifunzia vyuma vinene vya vipande-vipande, kwa sababu ndivyo vinavyovumilia mwanafunzi. Mtaani kazi ni grili za madirisha na mageti, na chuma ni bomba la pembe nne la inchi moja, geji 18, ambalo unene wake kama milimita 1.2 tu. Anashika rodi (fimbo ya kuchomelea) ya geji 12, mashine imewekwa ampea 110 alivyozoea, anagusa, tobo. Anaogopa, anarudi kuziba tobo, tobo linakua. Kabla hajapelekwa popote afanyishwe mazoezi ya hilo bomba: ashushe mpaka 60 au 70, adonoe-donoe bila kukaa mahali pamoja, aache chuma kipoe kidogo kabla ya kurudi.

Jaribio ambalo fundi yeyote mwenye akili atampa ni fremu. Futi nne kwa tatu. Anakata pembe za digrii 45, anashika kwa tone moja kila kona, halafu, na hapa ndipo wanapopimwa, kabla ya kuchomelea moja kwa moja anapima kona kwa kona. Kwa fremu ya nne kwa tatu lazima isome futi tano pande zote mbili, inchi 60. Ikisoma 60 huku na 60 na nusu kule, anagonga mpaka zilingane. Kisha anachomelea kona kwa kupishana, sio kuzunguka mfululizo, maana moto huvuta chuma. Kijana anayepima kabla ya kuambiwa, nani atamuuliza ametoka jela gani?

Kuhusu kumwambia mwenye karakana: mwambieni yeye peke yake, mdomo kwa mdomo, siku ile ya kuomba. Wafanyakazi wengine wasijue. Sababu si wema. Siku grainda (mashine ya kukata na kusaga chuma) itakapopotea, na itapotea tu kwa sababu karakana ni karakana, macho yote yatamgeukia yeye. Mwenye karakana akiwa hakuambiwa na akasikia siku hiyo, kijana hana mtetezi. Akiwa aliambiwa, atatulia na kuuliza nani aliishika mwisho.

Na hilo la nani aliishika mwisho lina dawa yake: daftari la vifaa. Kila asubuhi kinachotoka stoo kinaandikwa, kila jioni kinachorudi kinawekwa tiki, kila mtu anatia sahihi, mwenye karakana naye. Liwe la wote, lisiwe la kijana mpya. Mwezi wa kwanza asishike ufunguo wala pesa za mteja. Hiyo ni kumkinga yeye. Mwambieni hivyo, asidhani anatukanwa.

Malipo: wiki mbili za mwanzo nauli na chakula kila siku mkononi, kibarua chenyewe kila Jumamosi. Mkimlipa mwisho wa mwezi hafiki mwisho wa mwezi. Mkimlipa yote kila jioni, maskani itajua saa ngapi anapita na pesa.

Na yule wa miaka 17: sheria ya ajira ya 2007 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za viwandani kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 12 na nusu asubuhi. Kwa hiyo asitiwe kazi ya usiku hata kama mteja anataka geti kesho.

---

MamaChama_Likoni

Fundi umesema kweli, lakini kijana hafukuzwi kazini, kijana hufukuziwa nyumbani. Nieleze.

Anatoka ndani, nyumba ina vyumba viwili na watu saba. Kitanda chake alipewa mdogo wake. Wiki ya kwanza anapikiwa pilau, wiki ya tatu anaulizwa "na wewe unaleta nini?" Hapo ndipo anapouza kifaa alichopewa, au anapokea simu ya rafiki wa zamani. Kwa hiyo kabla ya kazi, mmoja wenu akae na mama wa kijana amuulize mambo matatu: atalala wapi hasa, nani humo ndani hamtaki, na nyumba inategemea alete kiasi gani na kuanzia lini. Mama akitaja kiasi ambacho fundi msaidizi hawezi kupata, mueleze siku hiyo hiyo.

Halafu aliyekosewa. Kama kosa lilifanyika mtaa huo huo, familia iliyoibiwa au iliyoumizwa inapaswa kujua kwamba anarudi kabla hawajamwona dukani. Aende mzee wa mtaa na mtu mmoja wa familia ya kijana, wasiende na kijana. Wasikilizwe wamalize hasira zao. Wengine watataka walipwe, wengine watataka tu asipite mlangoni kwao. Andikeni walichokubaliana, kila upande ubaki na nakala. Wakikataa kabisa, msilazimishe. Mpelekeni kijana akae kwa shangazi mtaa mwingine na mjulishe afisa kubadilishwa kwa makazi. Kijana wa Kisauni akihamia Jomvu miezi sita si kushindwa.

Na nawaomba msifanye sherehe. Najua mtataka kupiga picha mnamkabidhi cherehani na bango nyuma. Picha hiyo ikiingia Facebook ndiyo rekodi yake ya kudumu, itaonekana na kila atakayemtafuta kwa jina. Aliyeingia kwenye kesi akiwa mtoto ana haki ya jina lake kusitiriwa.

Sasa pikipiki. Msinunue. 60,000 haifikii pikipiki mpya, kwa hiyo mtanunua kuukuu, au mtaweka malipo ya mwanzo kisha mdaiwe kila siku. Deni la kila siku kwa kijana aliyetoka jana ni kamba ya shingo. Siku ya mvua hana kitu, siku ya pili anadaiwa mbili, ya tatu anaanza kubeba abiria wa usiku asiowajua. Wa miaka 17 hawezi hata kupata leseni ya bodaboda. Na chombo cha watu watano hakina mwenye kubadilisha oili. Zaidi ya hayo, steji ya bodaboda ni mahali ambapo marafiki wa zamani watamkuta wakati wowote, wakisema tupeleke pale mara moja. Waambie wenzako hivyo.

Saa za hatari ni baada ya kazi. Karakana inafungwa saa 11 jioni, chakula cha nyumbani ni saa tatu usiku. Hizo saa nne ndizo za maskani, muguka (majani ya kutafuna ya kulevya) na stori. Jazeni hizo: mazoezi ya mpira yenye kocha anayeita majina, darsa, kwaya, masomo ya jioni, chochote chenye mtu atakayeuliza "mbona jana hukuja?"

La kikundi: msiwasajili hao watano kama kikundi chao. Kwanza hawatoshi, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Pili kikundi cha waliotoka kifungoni peke yao mtaani kitapewa jina kabla hakijafungua akaunti. Wapenyezeni mmoja-mmoja kwenye vikundi vya vijana vilivyopo, wachange kama wengine, na baada ya miezi kadhaa watakuwa ndani ya mikopo ya mfuko wa vijana na zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na walemavu. Mkopo wa serikali wa Hustler wa mtu binafsi huanzia shilingi 500, unataka kitambulisho na laini yake. Mimi ningemzuia miezi mitatu ya mwanzo. Deni dogo la simu likikawia linaharibu hata lile kubwa la baadaye.

---

MwanaKisauni

Nimeshukuru sana, na pikipiki nimeshaizika, nitawasomea maneno ya Mama kama yalivyo. Bado cheti cha tabia njema. Mmoja anataka uaskari wa kampuni ya ulinzi, mwingine ana mjomba Dubai anayesema atamvuta.

---

Msaidizi_wa_Sheria_Msa

Ndugu MwanaKisauni, tutenganishe mambo mawili: sheria inasema nini, na alama za vidole zinasema nini.

Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 iliyotangulia, haitaki maneno ya kutiwa hatiani na hukumu yatumike kwa mtoto mbele ya mahakama ya watoto. Na mtoto aliyeondolewa kwenye mkondo wa mahakama kwa utaratibu wa kugeuzwa njia hakupaswa kabisa kuchukuliwa kama mhalifu. Hiyo ndiyo haki yake. Lakini kituoni alichukuliwa alama za vidole, na alama hizo zilipelekwa DCI (idara ya upelelezi wa jinai). Anapoomba cheti, mashine haisomi Sheria ya Watoto, inasoma vidole.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Ombi linajazwa kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, ada ni shilingi 1,050, anachapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja (wakichapisha karatasi mbili wanarudishwa, kosa la kila siku hilo), anapigwa vidole Huduma Centre au ofisi ya DCI, anasubiri. Kinachosumbua ni kesi iliyokwisha lakini haikufungwa kwenye rekodi: iliondolewa mahakamani, au aliachiliwa, na hakuna aliyepeleka habari. Hapo anahitaji nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, aiwasilishe DCI makao makuu, Barabara ya Kiambu, ili rekodi isahihishwe. Nakala hiyo iombeni mapema, masjala za mahakama hazina haraka na faili za zamani huwa zimehamishwa stoo.

Ushauri wangu: msiombe cheti kwa kila kijana. Kiombeni pale tu kazi inapokidai, na mjue kazi zipi hudai. Karakana za jua kali, mjengo, ushonaji, uvuvi, duka la mtaani, shamba: hawaulizi. Wanaouliza ni kampuni za ulinzi, serikali, mashirika, benki, kazi za shule, hoteli nyingi kubwa, programu za teksi, na kila anayetaka kwenda Ghuba. Kwa hiyo huyo wa uaskari amechagua mlango ulio mgumu kuliko yote. Msimkatishe tamaa ila asiache kazi nyingine akiusubiri.

Wa Dubai: wakala awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na pesa zisitoke mfukoni kabla ya mkataba kuonekana. Na kama bado yuko chini ya uangalizi, kusafiri nje bila ruhusa ni kuvunja masharti hata akiwa na pasipoti na viza. Amalize muda wake kwanza.

Jambo dogo la mwisho kwangu: kwenye fomu za kazi kuna swali "umewahi kushtakiwa?" Asidanganye, na asijaze mwenyewe bila kuuliza. Alete fomu, isomwe swali linavyouliza hasa. Kushtakiwa, kupatikana na hatia, na kufungwa ni maswali matatu tofauti, na kwa aliyekuwa mtoto jibu sahihi linaweza kuwa tofauti kwa kila moja.

---

Mnyalu_Mbeya

Habari za huko majirani. Naongeza ya kwetu Tanzania kwa sababu pengine kuna wasomaji wa upande huu.

Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho kwa muda usiozidi miaka mitatu, na shule hiyo ni Irambo, hapa Mbeya. Tatizo linaanzia kwenye ramani. Mtoto wa Tanga au Mtwara anakaa Irambo, mzazi hana nauli ya kumtembelea, na siku ya kutoka anarudi kwa watu aliowaacha akiwa na sauti ya kitoto. Maandalizi ya nyumbani anayafanya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakokwenda, kwa hiyo barua ya taarifa itumwe kwake mapema, isiishie kwa afisa wa huku. Msipofuatilia barua hiyo, mtoto anashushwa stendi na begi.

Huku ufunguo ni mtendaji wa mtaa au kijiji. Barua yake ndiyo inayokupeleka NIDA (mamlaka ya vitambulisho), ndiyo inayokuombea kazi, ndiyo inayokubalika kwa mwenye gereji. Cheti cha kuzaliwa ni cha RITA (wakala wa usajili). Kijana anayejua kazi lakini hana cheti anaweza kwenda VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) kwa utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: anapimwa kwa vitendo, anaelezwa mapungufu, anafundishwa hayo tu, anapimwa tena, anapewa cheti. Cheti kinasema ufundi, hakisemi ulijifunzia wapi.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba, na vijana hupewa kwa vikundi. Hoja ya Mama hapo juu inasimama na huku vilevile: mwingizeni kijana kwenye kikundi kilichopo.

---

MwanaKisauni

Asanteni nyote. Tumekaa jana. Swali la mwisho: kwenye 60,000, vifaa tununue lini, na vipi?

---

FundiVyuma_Changamwe

Vifaa mwisho, mzee. Piga hesabu hivi. Nauli na chakula shilingi 300 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki mbili: 3,600 kwa kijana. Wiki mbili zinazofuata nusu yake, maana ameanza kulipwa: 1,800. Jumla 5,400, mara watano ni 27,000. Mmebaki na 33,000. Hizo kwanza zilipe makaratasi, ada ya mtihani wa NITA kwa asiye na cheti, na buti na glavu. Kinachobaki ndicho cha vifaa, na visitoke kabla ya wiki ya sita.

Seremala: msumeno, randa, patasi ya nusu inchi na ya inchi moja, nyundo ya kung'olea misumari, futi ya mita tano, skweya, jiwe la kunolea. Msisahau jiwe. Patasi butu inamfanya alazimishe, inateleza, inaingia mkononi.

Wa kuchomelea asinunuliwe mashine. Mashine ni ya karakana. Mpeni kofia ya kioo cheusi, glavu za ngozi ndefu, nyundo ya kugongea gamba, burashi ya waya, futi, skweya. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu baadaye, na ikija ije na kinga yake. Wakikuta imetolewa kinga ili diski kubwa iingie, wasiiguse. Diski ikipasuka haichagui uso.

Wa kushona: cherehani ya miguu iliyotumika inatosha, umeme ukikatika anaendelea. Makasi ya inchi kumi ya kitambaa tu, yasitumiwe kukata karatasi, futi ya kitambaa, chaki, sindano namba 14 na 16. Mpelekeni kwa mshonaji wa sare za shule mwezi wa Novemba, wakati wanatafuta mikono ya Januari. Kola na mifuko ndivyo vitakavyomkataa, kwa hiyo ashone kola ishirini za vitambaa vibovu kabla ya kwenda.

Vyote vichongwe herufi za jina lake na vilale karakana, si nyumbani. Vihesabiwe ni mkopo mpaka miezi sita, andikeni hivyo kwenye karatasi na yeye atie sahihi. Akiondoka kabla vinarudi kwenu, vinapewa anayefuata.

---

MwanaKisauni

Nimenakili. Jumatatu naenda na mama wa yule seremala kwa chifu. Jina lake kwenye faili la Borstal lina herufi moja zaidi.

---

Probesheni_Mstaafu

Nenda na kadi ya kliniki pia. Na muulize afisa wa ustawi kama majina ya mtihani yameshatumwa NITA. Kama bado, barua yako ifike kabla hayajatumwa.